Ndugu M. ni nani? Kipande cha gazeti kilichokigawa kikao cha ukoo Tabora

Kipande chenyewe hakizidi upana wa viganja viwili. Kilikunjwa mara nne, kikawekwa ndani ya kadi ya TANU, kadi ikawekwa ndani ya sanduku la mninga, na sanduku likakaa chini ya kitanda cha marehemu katika nyumba moja ya Isevya, Tabora. Marehemu alifanya biashara ya asali na nta maisha yake yote, na hakuna kitu chake kisichonukia nta. Hata gazeti halikusalimika. Upande mmoja nta imeingia kwenye karatasi mpaka imekuwa kama kioo chenye ukungu, na ukisoma habari ya mbele unaziona herufi za nyuma zikipita kinyumenyume katikati ya mistari. Doa hilo lilikuja kutufaa.

Jina la gazeti halipo, wala tarehe. Aliyekata alitumia wembe na kufuata kingo za habari yake tu; mengine yalikwenda na karatasi, pengine yakafungia karanga sokoni.

Habari ni fupi, aya tatu. Darasa la kisomo cha watu wazima limefunguliwa mtaani, watu wawili wametoa chumba katika nyumba yao bila malipo, na katibu wa tawi amewashukuru. Waliotoa chumba wametajwa kama "Ndugu R. J. na Ndugu M. J." Hilo J. nimelifupisha mimi, gazetini limeandikwa lote. R. na M. zilifupishwa na gazeti lenyewe, na humo ndimo ugomvi ulimozaliwa. Aya ya mwisho inawataja tena kwa pamoja: "ndugu hao wawili".

R. ndiye marehemu, hapo hakuna aliyebisha. Swali lilikuwa M. ni nani, na hilo neno ndugu linasema nini juu yake.

Kijana mmoja alikuja kwa treni kutoka Kaliua akiwa na picha ya kipande hicho kwenye simu. (Nani alimtumia? Nusu saa ya kwanza ya kikao iliishia hapo, na jibu halikupatikana.) Babu yake, ambaye jina lake la kwanza linaanza na M, alilelewa na Mzee J., baba wa marehemu, akatumia jina la J. mpaka siku anazikwa. Ukoo wote unalijua hilo, na wakilisema husema "alilelewa tu". Nadhani hiyo "tu" ndiyo iliyompandisha kijana treni. Aliposoma "Ndugu M. J.", kisha chini yake "ndugu hao wawili", akaona amepata kitu ambacho babu yake hakuwahi kupewa: maandishi ya chapa yanayosema alikuwa ndugu wa marehemu, na kwamba nyumba ilikuwa yao wote.

Wala hakuwa anadai kurithi. Shehe aliyealikwa alishalimaliza hilo mapema: marehemu ameacha watoto wa kiume, na mtoto wa kiume humzuia ndugu asipate fungu, mtu wa kulelewa naye hana fungu kabisa, isipokuwa aachiwe wasia, na wasia hauvuki theluthi. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa adabu, "Shehe, mimi sijasema mirathi. Nasema nusu ya nyumba haikuwa ya marehemu tangu mwanzo, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye mirathi yake." Nilimpenda pale pale, ingawa nilikuwa nimeitwa na upande wa pili.

Nimeitwa kwa nini? Kazi yangu ilikuwa kusahihisha prufu, na nimezeeka nikiwa bado nasoma magazeti makuukuu kuliko ya leo. Mtaani wananiita mzee wa magazeti. Mtoto mkubwa wa marehemu alinifuata jioni nikiwa kwenye kibaraza akasema, "Mzee, tunakuomba kesho uje uwaeleze kwamba ndugu hapa si ndugu." Nikamwambia nitakuja kueleza neno lilivyotumika, basi. Akasema ni hilo hilo. Haikuwa hilo hilo, lakini nilikuwa sijajua bado.

Nilianza na jambo jepesi. Ndugu wa nasaba, kwenye maandishi, hatembei peke yake. Lazima awe ndugu wa mtu: ndugu yake, ndugu wa marehemu, na katika magazeti ya zamani mara nyingi nduguye, neno moja, maana lilibana nafasi. Ndugu wa cheo husimama mbele ya jina na kutosheka, kama wanavyosimama Bwana, Padri, Shehe. "Ndugu R. J." ukitaka kumsoma kama ndugu wa damu, utaulizwa: ndugu wa nani? Sentensi haijibu kwa sababu haikuwa na nia ya kusema hilo. Kwa hiyo katika sehemu mbili za kwanza za habari hii neno ni cheo tu. Kijana mwenyewe simu yake ililia ujumbe wakati naongea, nikamwomba atusomee unavyoanza. "Ndugu mteja." Watu wakacheka, naye akacheka. Hakuna aliyewahi kuidai kampuni ya simu urithi kwa ushahidi huo.

Kosa lake halikuwa ujinga, lilikuwa umri. Amezaliwa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, amekulia katika Tanzania ya "Mheshimiwa". Kwake yeye ndugu ni mtu mnayekutana msibani. Kwa kizazi chetu, kwa miaka zaidi ya ishirini, ndugu lilikuwa neno la kwanza kabla ya jina la mtu yeyote aliyeandikwa gazetini: waziri, mkuu wa mkoa, mwalimu wa darasa la kwanza, mpiga chapa, mkulima bora wa tumbaku. Limekufaje kama cheo, hilo sina haja ya kulirefusha. Chama bado kinalitumia vikaoni, na viongozi wakihutubia bado husema "ndugu wananchi". Magazetini lilipungua mpaka likaonekana la kizamani.

Lilivyozaliwa ndiko kwenye utamu. Ukifungua Mambo Leo, gazeti la serikali ya Waingereza lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, barua za wasomaji zinamwendea "Bwana Mhariri". Bwana wakati huo lilikuwa na sura mbili. Lilikuwa heshima ya kawaida ya pwani, ya mume, ya mwenye nyumba, ya mtu mzima. Lilikuwa pia la Bwana Shauri na Bwana DC, mtu ambaye ukimwona unavua kofia. Mhariri wa Kiafrika aliyeandika "Bw." mbele ya jina la karani Mwafrika alikuwa anadai kitu, kwamba huyu naye ni bwana. Wanawake waliandikwa Bibi, na majina yao yalikuja na binti: fulani binti fulani. Ishikilie hiyo binti, tutaihitaji.

Ndugu wakati huo lilikuwa likiishi zaidi upande wa dini. Magazeti ya misheni yaliwaita wasomaji ndugu, misikitini walikuwa ndugu katika imani. Tabora hapa tuna historia yetu katika hilo: Kiongozi, gazeti la Kanisa Katoliki, lilianza kutolewa hapa mwaka 1950, na mitambo ya misheni ilikuwa Kipalapala. Kuna jambo limenichekesha siku zote kuhusu Kiswahili cha Wakatoliki. Walikuwa nalo neno ndugu, zuri na la bure, lakini mtawa wa kiume asiye padri wakamwita bruda. Nadhani walijua wanachofanya. Ukimwita "Ndugu Fulani" mtu wa Tabora atakuuliza wa mama yupi.

TANU ndiyo iliyolitoa neno kanisani na msikitini ikalipeleka ofisini. Ahadi ya kwanza ya mwanachama ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", na wanachama wakaitana hivyo. Mpaka hapo bado ni neno la ndani ya chama. Magazeti ya miaka ya mwanzo ya uhuru yanachanganya, ukurasa mmoja una Bwana, ukurasa wa pili Ndugu, na mara nyingine mtu huyo huyo kaanza habari akiwa bwana na kuimaliza akiwa ndugu. Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Bwana likaanza kunuka unyonyaji. Ndugu likawekwa mbele ya kila mtu, likafupishwa kuwa "Nd." au "Ndg." Ufupisho huo ndio kipimo changu cha haraka: ukiona "Ndg." jua ni cheo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfupisha ndugu yake wa tumbo moja. Kwenye kipande chetu, kwa bahati mbaya, limeandikwa lote.

Kwa hiyo tarehe ilikuwa na uzito. Kama habari ni ya 1955, ndugu mbele ya jina la mtu wa kawaida katika gazeti la kawaida lingenishtua kidogo, na kijana angepata pa kuponea. Kama ni baada ya 1967, halishtui hata kidogo. Hapo ndipo doa la nta liliposaidia. Kijana mmoja wa nyumba ile alikishika kipande dhidi ya mlango, jua likapenya, na nyuma, katika habari ya mpira iliyokatwa vipande, tukasoma sehemu ya neno: "…nderland". Wazee wawili wakapiga makofi kwa pamoja. Sunderland ndiyo Simba ya leo. Ilibadilisha jina mwaka 1971. Mbele kuna darasa la kisomo cha watu wazima, na mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, makanisani, kwenye maghala na sebuleni kwa watu. Mtu makini hawezi kuiweka habari hii mbali na miaka hiyo, mwanzoni kabisa mwa sabini. Ni wakati ule ambao ndugu lilikuwa limepamba moto na kila mtu ni ndugu.

Mpaka hapo watoto wa marehemu walikuwa wanaitikia kwa vichwa, chai ilipita, na mimi nilijiona nimemaliza kazi.

Kijana akainua mkono. "Mzee, nimekubali. Ndugu R. na Ndugu M. ni heshima. Lakini huku chini wameandika 'ndugu hao wawili'. Hapa hakuna jina mbele yake. Kama mwandishi alitaka kusema watu wawili, si angesema watu hao wawili?"

Hapo nilinyamaza kidogo, maana alikuwa amegusa penyewe. Nikakivalia kile kipande miwani upya. Tatizo la ndugu ni kwamba halibadiliki kwa wingi. Bwana anakuwa mabwana, rafiki anakuwa marafiki. Ndugu mmoja, ndugu mia. "Mabwana hao wawili" lingekuwa wazi kwamba ni cheo kilichorudiwa. "Ndugu hao wawili" linaweza kuwa ndugu hao wa heshima niliokwisha kuwataja, linaweza kuwa ndugu hao wa familia moja. Hata viambishi havikusaidii: kwa nasaba tunasema ndugu yangu, ndugu zangu, kwa cheo hatuweki yangu wala zangu, na "hao" inawafaa wote.

Nilimweleza mazoea ya chumba cha habari. Jina likishatajwa mara moja pamoja na cheo, mara ya pili mwandishi hukirudia cheo peke yake ili asijaze safu kwa majina. Enzi za Bwana waliandika "mabwana hao", enzi za Ndugu "ndugu hao". Nimeyasahihisha hayo mara nyingi kiasi kwamba jicho langu halisimami tena. Kwa uzito wa mazoea, ningesema cheo. Lakini nilikiri mbele ya kikao kwamba sentensi ile, yenyewe kama ilivyo, inapokea maana zote mbili bila kulalamika, na mwandishi aliyejua kuwa wawili wale ni ndugu wa damu angeweza kuiandika vivyo hivyo na kutabasamu.

Mtoto mkubwa wa marehemu alinitazama kwa jicho la mtu aliyelipa nauli akashushwa njiani.

Nikaongeza jambo ambalo wengine waliliona la kujionyesha. Kiswahili cha kale kilikuwa na neno umbu: ndugu wa mwanamume aliye mwanamke, au ndugu wa mwanamke aliye mwanamume. Limebaki kwenye tenzi na kamusi. Kwenye gazeti sijalikuta. Kinyamwezi bado kinalo la kwake, ilumbu, na kila mzee pale alilijua. Nililileta tu kuonyesha jinsi ndugu lilivyobeba mizigo ya maneno mengine: kaka, dada, umbu, mtoto wa baba mkubwa, mtoto wa baba mdogo, mwenzako wa kuchanjia damu, mwenzako wa chama. Nikasema, na haya ni maneno yangu mwenyewe yaliyoandikwa kwenye muhtasari, "kwa hiyo huyu bwana M. anaweza kuwa mtu yeyote".

Huyu bwana M. Nililisema hilo mara tatu asubuhi ile. Nilikuwa nimetoka kuwahubiria saa nzima kwamba Ndugu halibagui mume na mke, kisha mimi mwenyewe nikamvika M. kanzu.

Karibu na mlango, kwenye mkeka, alikuwa amekaa dada wa marehemu. Watoto wa marehemu wanamwita shangazi, wajukuu wanamwita bibi. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli. Tangu asubuhi alikuwa anamenya karanga kwenye ungo bila kuzitazama, maganda upande huu, karanga upande ule. Aliposikia ilumbu, mikono ilisimama.

"M. ni mimi," akasema.

Kukawa kimya, halafu mtu akacheka, si kwa ubaya. Mtoto wa pili wa marehemu akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mtoto, "Shangazi, hapa wameandika Ndugu."

"Sasa ulitaka waniandike nani? Wakati ule sote tulikuwa ndugu. Hata yule aliyeniacha na talaka tatu alikuwa Ndugu Katibu."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa, ila cha wazee peke yao.

Mchambuzi hapaswi kukubali neno la mtu kwa sababu limechekesha. Jina lake la kwanza linaanza na M, kweli. La babu wa kijana vilevile. Nikamwuliza anakumbuka nini juu ya kipande chenyewe. Hakuuliza nimsomee. Alisema alikikata yeye, kwa wembe wa kunyolea wa kaka yake, usiku, kwa taa ya kibatari, na alipofika chini wembe uliteleza akakata mstari wa mwisho, akalia, kwa sababu mstari huo ndio uliokuwa na jina la mwalimu. Alimpa kaka yake akitunze kwa kuwa kaka ndiye aliyekuwa na sanduku lenye kufuli.

Nikakigeuza kwenye mwanga. Kingo tatu zimenyooka kama zilizopigwa rula. Ya chini inashuka kwa mshazari kuelekea kulia, na mstari wa mwisho umekatwa tumbo: unaona vichwa vya herufi, miguu haipo. Asubuhi nzima hakuna aliyelitaja hilo kwa sauti, hata mimi, na yeye hawezi kuliona. Nikampa shehe akitazame, shehe akampa kijana. Kijana alikitazama muda mrefu kuliko sote.

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe. Mwanamke huyu alirudi nyumbani kwa baba yake baada ya talaka, akapewa chumba cha uani. Tawi lilipotafuta mahali pa darasa, chumba kilichotolewa kilikuwa kile cha kwake. Yeye akahamia kulala jikoni na watoto wa kaka yake kwa msimu mzima wa masika, na jioni akawa anakaa mstari wa mbele katika chumba chake mwenyewe akijifunza a, e, i, o, u. Habari ya gazeti ndiyo maandishi ya kwanza aliyoyasoma akajikuta mwenyewe humo. Gazeti la miaka ya Mambo Leo lingemwandika "Bibi M. binti J.", na mjukuu yeyote angejua leo ni mwanamke. Ndugu lilimpa cheo kile kile walichompa kaka yake, na papo hapo likaifuta binti. Safu nyembamba ikamaliza kazi: mpanga herufi za risasi, akiona mstari umejaa, hukata jina la kwanza libaki herufi moja na nukta. Mimi mwenyewe nimeshauri hivyo mara nyingi. Sikuwahi kuwaza juu ya sanduku la mtu miaka hamsini mbele.

Sasa angalia tulipofika. Mimi nilisema Ndugu ni cheo, si nasaba, na kweli ni cheo. Kijana alisema hao wawili walikuwa ndugu kweli na nyumba iliwahusu wote wawili. Walikuwa ndugu kweli, baba mmoja mama mmoja, na nyumba iliwahusu. Sote tulikuwa sahihi juu ya neno na sote tulimkosa mtu, naye alikuwa hatua nne kutoka kwetu akimenya karanga za kututengenezea kashata.

Waliogundua kilichotokea mapema kuliko wote walikuwa watoto wa marehemu, maana chai yao ilipoa mikononi. Shehe akauliza kiwanja kilikuwa cha nani awali. Cha Mzee J. Mzee J. alipokufa aliacha nani? Watoto wawili, mkewe alishatangulia. Kiligawanywa? Hapo watu wakaanza kutazama mwembe uliopo uani kana kwamba wameuona leo. Hakikugawanywa. Marehemu alibaki ndani, akajenga upya, akaezeka bati, na dada akabaki katika chumba cha uani, na hakuna aliyeona kuna la kuuliza. Shehe akahesabu kwa vidole: mafungu matatu, mawili ya kaka, moja la dada. Bati na matofali vitahesabiwa vingine, akasema, lakini ardhi ndiyo hiyo.

Nilikuwa nimeitwa kuthibitisha kwamba Ndugu M. hana chake.

Kijana wa Kaliua akasogea kwenye mkeka, akapiga goti. "Shikamoo bibi. Babu yangu naye alikuwemo darasani?"

"Marahaba. Alikuwemo. Alikaa nyuma, chaki ilikuwa inampa mafua." Akampapasa uso kwa kiganja chenye unga wa maganda ya karanga. "Huyo alikuwa ndugu yangu. Asikudanganye mtu na hiyo tu yao. Lakini chumba kilikuwa changu."

Mjomba aliyekuwa mwenyekiti akaahirisha kikao mpaka Ijumaa, baada ya sala, na kuagiza muhtasari usomwe. Katibu alikuwa mjukuu wa marehemu, binti anayesoma chuo, mwenye daftari safi na mwandiko mzuri. Alikuwa ameorodhesha waliohudhuria wote kwa majina mawili mawili: wazee, shehe, mgeni wa Kaliua, mimi. Namba kumi na moja ilisomeka "Bibi", basi. Akaifuta, akainua kalamu, akabaki anatafuta la kuandika.

"Bibi," akasema taratibu, uso umemshuka, "jina lako kamili ni nani?"

Bibi akalitaja, la kwake, binti, na la baba yake.

"Andika lote," akamwambia. "Usiniwekee nukta."